Mfumo wa hita plagi katika magari ya jeshi ya CUCV: jinsi ya kuupima, kuutengeneza na kuutunza

Kati ya mwaka 1983 na 1987 kampuni ya General Motors iliwaundia wanajeshi wa Marekani magari ya CUCV, ambayo kwa kweli yalikuwa pikapu na jipu za Chevrolet za kawaida zilizofanyiwa mabadiliko machache ya kijeshi. Yalifika takriban 70,000, yakiwemo pikapu ya M1008, jipu ya M1009 iliyotokana na Blazer, na gari la wagonjwa la M1010. Yote yalifungwa injini moja, dizeli ya V8 ya lita 6.2 isiyokuwa na kompyuta yoyote, na baada ya jeshi kuyaacha, maelfu yao yaliuzwa kwa raia. Hadi leo yanalima, yanazoa theluji, yanavuta matrela, na ni magari ambayo fundi mwenye spana na mita ya umeme anaweza kuyatengeneza peke yake uani kwake.

Lawama kubwa ambayo magari haya hubebeshwa ni kugoma kuwaka asubuhi ya baridi. Mwenye gari hununua hita plagi nane mpya (vijiti vya umeme vinavyoipasha injini joto ili iwake), anazifunga, gari linawaka vizuri kwa msimu mmoja, kisha tatizo linarudi kama lilivyokuwa. Ninaamini kwamba mara nyingi plagi hizo huuawa na umeme unaozifikia, na anayezibadilisha bila kupima umeme huo ananunua seti nyingine ya kuunguza. Kwa hiyo mpangilio wa maelezo haya unaanza na umeme, kisha relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na kadi ya kuongoza (kifaa kinachoamua plagi ziwake kwa muda gani), na plagi zenyewe zinakuja mwisho.

Kwa nini injini hii haiwaki bila plagi

Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Katika injini ya lita 6.2, nozeli haimwagi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Humwaga ndani ya chumba kidogo kilichochimbwa kwenye hedi, na moto ukishaanza humo ndipo unasukumwa kuingia kwenye silinda. Chumba hicho huifanya injini iwe na mlio laini na ivumilie dizeli ya hali ya chini, lakini kuta zake za chuma baridi hunyonya joto la hewa iliyobanwa kabla mafuta hayajashika moto. Ndiyo maana injini hii, ingawa inabana hewa kwa uwiano wa takriban 21 kwa 1, inahitaji msaada wa hita plagi kila inapowashwa ikiwa imepoa, hata katika hali ya hewa ambayo binadamu haioni kuwa ni baridi. Fundi aliyezoea Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ameshayaona haya, kwa sababu nayo ina vyumba vidogo vya aina hiyo, na asubuhi za Njombe au Limuru humkumbusha plagi zikichoka.

Ncha ya hita plagi huingia ndani ya chumba hicho na kuwaka hadi iwe nyekundu. Injini ina plagi nane, moja kwa kila silinda. Zenye namba 1, 3, 5 na 7 ziko upande wa kushoto, yaani upande wa dereva, na zenye namba 2, 4, 6 na 8 ziko upande wa kulia, zikihesabiwa kuanzia mbele kwenda nyuma.

Umeme wa volti 24 unaolisha plagi za volti 12

Hapa ndipo penye siri ya mfumo mzima. CUCV ina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo ili kupata volti 24, na ina alteneta mbili, kila moja ikichaji betri yake. Starta inatumia volti 24, na soketi ya kijeshi ya kuazimiana umeme iliyoko mbele ya gari pia ni ya volti 24. Taa, honi na vifaa vingine vingi vinatumia volti 12. Hita plagi nazo ni za volti 12, lakini wabunifu waliamua kuzilisha kutoka volti 24 kupitia rezista kubwa zilizofungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Kazi ya rezista hizo ni kula nusu ya volti, ili nusu iliyobaki iende kwenye plagi.

Mpango huo hufanya kazi vizuri kwa sharti moja tu, kwamba plagi zote nane ziwe hai. Tuchukue hesabu rahisi ya mfano. Tuseme kila plagi ina ukinzani wa omu 1 ikiwa ya moto. Plagi nane zikiwa sambamba zinatoa omu 0.125, na rezista nazo zikiwa na omu 0.125, mkondo utakuwa ampea 96 na kila plagi itapata volti 12 kamili. Sasa plagi mbili zife. Sita zilizobaki zinatoa omu 0.167, mkondo unashuka hadi ampea 82, rezista zinakula volti kidogo zaidi ya 10 tu, na kila plagi iliyobaki inapata karibu volti 13.7. Zikifa nne, zilizo hai zinapata volti 16, na nguvu inayopita ndani ya kila moja inapanda kutoka wati 144 hadi wati 256. Zikibaki mbili, zinapata zaidi ya volti 19, na hazitamaliza wiki.

Msomaji aliyefuata hesabu hiyo ameshaelewa kwa nini plagi za CUCV hufa kwa makundi. Moja inakufa kwa uzee, zilizobaki zinaongezewa mzigo wa umeme, ya pili inafuata haraka, ya tatu haraka zaidi. Hali huwa mbaya zaidi gari linapoazimwa umeme na gari jingine la kijeshi ambalo injini yake inanguruma, kwa sababu hapo volti zinazoingia si 24 tena bali karibu 28, na plagi sita zilizo hai zitapata volti 16 badala ya 13.7. Kwa hiyo, kubadilisha plagi moja iliyokufa na kuziacha saba zilizokwisha kuteseka ni uchumi wa uongo. Zibadilishwe zote nane kwa pamoja, na ziwe za aina moja.

Jambo jingine la kuzingatia kuhusu rezista hizo ni joto lake. Katika mfano wetu zinakula volti 12 kwa ampea 96, yaani zaidi ya kilowati 1, ambalo ni joto la pasi ya umeme iliyofungwa kwenye bati la gari karibu na nyaya. Usiziguse baada ya kuwasha swichi, na kila unapofungua boneti angalia kama nyaya zinazopita karibu nazo zimebabuka.

Dalili, na jinsi ya kuzisoma ukiwa kwenye kiti cha dereva

Unapofungua swichi, yaani kuiwasha, bila kuzungusha starta, taa ya kusubiri iliyoko kwenye dashibodi inapaswa kuwaka, na sindano ya mita ya volti inapaswa kushuka kwa wakati huohuo. Kushuka huko ni mzigo wa plagi. Baada ya sekunde kadhaa utasikia mlio wa relei ikiachia, taa itazimika na sindano itapanda. Baada ya injini kuwaka, kadi huendelea kuwasha na kuzima plagi kwa muda mfupi ili injini itulie, nawe utaiona sindano ikishuka na kupanda.

Taa ikiwaka lakini sindano isishuke, umeme haufiki kwenye plagi, au plagi nyingi zimekufa. Sindano ikishuka kidogo tu kuliko ulivyozoea, baadhi zimekufa. Sindano ikishuka na isipande tena, zima swichi mara moja. Ikiendelea kubaki chini hata swichi ikiwa imefungwa, relei imeganda, na unapaswa kufungua nyaya za betri bila kuchelewa kwa sababu kila sekunde inayopita inaunguza plagi zako. Injini ikiwaka kwa shida huku ikitikisika na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, kisha ikatulia yenyewe baada ya dakika moja au mbili, kuna silinda ambazo hazikupata joto la kuanzia.

Kupima, hatua kwa hatua

Kabla ya lolote, funga breki ya mkono, weka gia kwenye maegesho, vua pete na saa ya chuma, na hakikisha betri zote mbili zimejaa. Pima kila betri peke yake, si jumla yake tu. Betri moja ikiwa na volti 12.6 na nyingine ikiwa na volti 11.8, jumla itaonekana kama inaridhisha, ilhali moja imeshachoka na vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya. Tambua pia betri ipi ni ipi kwa kupima na bodi ya gari: chanya ya ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi itasoma 12, na chanya ya nyingine itasoma 24. Alama hiyo iandike mahali pa kudumu, kwa sababu waliomiliki gari kabla yako huenda walihamisha nyaya.

Pima kwanza volti kwenye plagi yenyewe zikiwa zote zimeunganishwa. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye teminali ya plagi unayoweza kuifikia, ncha nyeusi kwenye chuma safi cha injini, na mwombe msaidizi afungue swichi. Usomaji wa volti 10 hadi 12 ni wa afya. Volti 14 au zaidi zinakuambia kwamba kuna plagi zilizokufa mahali pengine. Hapa mafundi wengi hujikwaa: wanachomoa waya wa plagi, wanapima ncha ya waya ikiwa hewani, wanaona volti zilizopanda kupita kiasi, na wanahitimisha kwamba rezista zimekufa. Rezista haiwezi kula volti ikiwa hakuna mkondo unaopita ndani yake, kwa hiyo kadiri unavyochomoa waya nyingi ndivyo usomaji unavyokaribia 24, na hilo si kosa la rezista.

Kisha ingia kwenye relei, ambayo imefungwa kwenye ukuta huohuo wa injini na ina teminali mbili kubwa na mbili ndogo. Wakati plagi zinawaka, pima volti kati ya teminali kubwa mbili. Relei nzuri itaonyesha sehemu ndogo sana ya volti, kwa mfano 0.1 au 0.2. Ikionyesha volti 1 au zaidi, nyuso za ndani zimeungua na sasa zenyewe zimekuwa rezista. Swichi ikiwa imefungwa, teminali inayokwenda kwenye plagi lazima isome sifuri. Unaponunua relei mpya, chagua iliyoundwa kubeba mkondo mkubwa kwa muda mrefu, na iwe ya teminali nne, kwa sababu katika gari hili upande mmoja wa koili hupata umeme kutoka kwenye swichi na upande mwingine huunganishwa na bodi kupitia kadi ya kuongoza. Relei ya teminali tatu, ambayo koili yake hujiunga na bodi kupitia kasha lake, haiwezi kuongozwa na kadi hiyo.

Relei isipolia kabisa, chukua waya mfupi na uguse teminali ndogo inayotoka kwenye kadi na bodi ya gari kwa sekunde mbili tu huku swichi ikiwa imewashwa. Ikilia na sindano ya volti ikashuka, relei na plagi ziko hai, na tatizo liko kwenye kadi iliyo chini ya dashibodi, kwenye soketi yake, au kwenye swichi ya joto iliyofungwa kwenye hedi ambayo huijulisha kadi kama injini tayari ina moto. Chomoa kadi, safisha meno yake kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, irudishe na ujaribu tena kabla hujaihukumu. Ukitaka mchoro kamili wa nyaya, mwongozo wa kijeshi wa gari hili wenye namba TM 9-2320-289-20 unao, na ni heri kuuchapisha na kuutundika karakana kuliko kubahatisha rangi za nyaya zilizofifia kwa miaka arobaini.

Ukikuta plagi zote nne za upande mmoja hazipati umeme ilhali za upande wa pili zinapata, usizilaumu plagi. Kila upande una nyaya zake zinazotoka kwenye relei, na kila tawi linalindwa na kipande cha waya wa fyuzi. Kipande hicho kikiungua, mpira wake huweza kubaki mzima kwa nje; uvute taratibu kwa vidole, na ukinyumbuka kama kamba, shaba ya ndani imekwisha.

Plagi zenyewe hupimwa kwa taa ya majaribio. Zima swichi, chomoa nyaya zote nane kwenye plagi, unganisha kibanio cha taa kwenye chanya ya betri ya volti 12, kisha gusa kila teminali kwa ncha ya taa. Inayowasha taa ni hai, isiyowasha imekufa. Mita ya omu hutoa jibu la kina zaidi: plagi nzuri iliyopoa husoma chini ya omu 2, na iliyokufa haisomi chochote. Kumbuka kwanza kugusanisha ncha za mita na kutoa ukinzani wa nyaya zake, kwa kuwa katika vipimo vidogo namna hii nyaya za mita zenyewe zinaweza kuwa sehemu kubwa ya usomaji.

Kutoa plagi zilizovimba

Hatua hii inahitaji subira kuliko zote, na ndiyo iliyofungua hedi nyingi zisizokuwa na hatia. Plagi za asili za gari hili zikipata umeme mwingi kupita kiasi, ncha yake huvimba. Ukiiangalia plagi ya aina hiyo ikiwa mkononi utaona ala ya chuma imebadilika rangi na kuwa ya kijivu cha majivu, katikati imetuna, mara nyingine ikiwa imepasuka kwa mstari mwembamba kama uzi, na unga mweupe wa ndani umeanza kutoka. Uvimbe huo ni mnene kuliko tundu ambalo plagi iliingilia. Anayeuvuta kwa nguvu ataibakisha ncha ndani ya hedi.

Pasha injini moto kwanza kama inawaka, kwa kuwa hedi yenye moto huachia uzi wa plagi kwa urahisi zaidi. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka uzi, uyape usiku mmoja yafanye kazi, na uyarudie asubuhi. Tumia soketi ndefu ya inchi 3/8 inayokaa sawasawa, na ufungue kwa mkono taratibu, ukirudi nyuma kidogo kila inapokaza. Uzi ukishaachia kabisa na plagi ikazunguka bila kutoka, hapo ujue ncha imevimba. Usiizungushe tena kwa nguvu. Ishike kwa koleo, ivute moja kwa moja kufuata mstari wake huku ukiitikisa kidogo sana, ongeza mafuta, na uvute tena. Zile za nyuma upande wa kulia ni ngumu kufikiwa kutoka juu. Kutoa tairi na kuingia kupitia uwazi wa banda la tairi kunarahisisha kazi na kukuwezesha kuvuta kwa mstari ulionyooka.

Ncha ikikatika, usiwashe injini kwa namna yoyote. Fungua nozeli ya silinda hiyo, kwa kuwa tundu lake linaingia kwenye chumba kilekile, na ujaribu kuitoa ncha kwa kibano chembamba au sumaku ukisaidiwa na tochi. Baadhi ya mafundi huacha tundu la plagi wazi na kuizungusha injini kwa starta ili upepo wa mbano uisukume ncha nje; njia hiyo hufaulu kama kipande bado kimo ndani ya tundu la plagi, lakini chomoa kwanza waya wa selenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu ya dizeli ili pasirushwe mafuta, na asiwepo mtu mbele ya tundu. Kama hujui kipande kilipo, hedi ifunguliwe. Kufungua hedi kunauma, lakini kipande cha chuma kigumu kati ya pistoni na hedi kinauma zaidi.

Kufunga mpya

Chagua plagi zinazojidhibiti, ambazo ukinzani wake hupanda kadiri zinavyopata joto, hivyo zenyewe hupunguza mkondo kabla ya kujiunguza. AC Delco 60G ndiyo ninayoipendekeza kwa injini hii, kwa sababu haivimbi kwa urahisi kama zile za asili, ingawa huchukua muda kidogo zaidi kupata joto. Safisha tundu kwa kuzungusha ndani yake kitu laini kisichokwangua ili kutoa masizi, paka tone dogo la grisi ya kuzuia kushikana kwenye uzi tu bila kuigusa ncha wala kola inayokalia hedi, ingiza kwa vidole hadi ifike mwisho, kisha kaza kwa nguvu ya nyutoni-mita 11 hadi 16. Plagi hujiunga na bodi kupitia uzi wake, kwa hiyo kutu na rangi kwenye kikalio vinapunguza joto lake sawasawa na waya mbovu. Viunganishi vya nyaya vilivyolegea vibanwe kwa koleo au vibadilishwe.

Kuziondoa rezista kwenye mfumo

Baada ya plagi mpya kuingia, swali linabaki juu ya rezista. Unaweza kuziacha kama kiwanda kilivyozifunga, lakini mimi sioni sababu ya kuendelea nazo kwenye gari la raia. Suluhisho linalojulikana sana kwa wenye CUCV ni kuondoa mlisho wa volti 24 na kuilisha relei moja kwa moja kutoka kwenye chanya ya betri ya volti 12. Tangu hapo kila plagi inapata volti za betri hiyo bila kujali wenzake wangapi wamekufa, na mnyororo wa vifo unakatika.

Fungua kwanza waya wa hasi unaoingia kwenye bodi, kisha waya nyingine. Ondoa waya unaotoka kwenye rezista kuja kwenye teminali kubwa ya relei, na ufunge mahali pake waya mnene wa shaba, wa milimita za mraba 16 hivi, kutoka kwenye chanya ya volti 12, ukiwa na fyuzi inayofaa karibu na betri. Ncha ya waya wa zamani wa volti 24 ifungwe na kuzibwa vizuri au iondolewe kabisa kutoka chanzo chake, kwani ikigusa bodi itaunguza waya wote. Kabla ya kuunganisha plagi, fungua swichi na upime: upande wa plagi usome volti 12 na si 24.

Badiliko hili linaielemea betri moja zaidi ya nyingine, na hilo linavumilika mradi alteneta zote mbili zinachaji. Taa mbili za alteneta kwenye dashibodi zisipuuzwe. Ile inayochaji betri ya volti 12 ikifa, plagi, taa na kila kitu cha volti 12 vitaishusha betri hiyo peke yake.

Wengine huongeza kitufe cha mkono badala ya kadi, kikiunganisha koili ya relei na bodi kinapobonyezwa. Ni jambo jema endapo kadi haipatikani, kwa sharti kwamba kiwe kitufe kinachojiachia chenyewe na si swichi ya kuwasha na kuacha, kwa maana swichi iliyosahauliwa itaunguza seti nzima wakati dereva anafungua geti. Kwa plagi zinazojidhibiti, sekunde 10 hutosha katika hali ya hewa ya wastani, na 15 maji yanapoganda. Kwa plagi za asili, usivuke sekunde 8.

Mambo mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa na hita plagi

La kwanza ni etha ya kopo, ile inayopulizwa kwenye injini isiyotaka kuwaka. Usiipulizie kamwe kwenye injini hii. Ikikutana na ncha nyekundu ya plagi hulipuka kabla pistoni haijafika juu, na mlipuko huo huvunja pistoni, hupinda vyuma vya mkono wake na hupasua vyumba vya hedi. Gari ambalo halikubali kuwaka bila etha linahitaji kutengenezwa, na plagi za hali nzuri hazina haja nayo.

La pili ni hewa kwenye mfumo wa dizeli. Kama umeme umepimwa, plagi nane zinawaka, betri zinazungusha injini kwa kasi ya kutosha na bado injini inazungushwa kwa muda mrefu kabla ya kushika, angalia vipande vidogo vya mpira vinavyounganisha njia ya kurudisha mafuta kati ya nozeli na nozeli, pamoja na vifuniko vya mwisho wa njia hiyo. Vikikauka huruhusu hewa kuingia usiku kucha, na dizeli inarudi tangini. Ni vipande vya bei ndogo sana, na mara nyingi hupuuzwa huku plagi zikilaumiwa. Chujio la dizeli na pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tangini nazo zikaguliwe wakati huo.

Angalizo kwa mwenye Humvee, gari jingine la jeshi la Marekani: injini yake ni ya ukoo huohuo, lakini uongozaji wa plagi zake ni tofauti, una kisanduku chake, na hatua za kuziondoa rezista nilizoeleza hapa haziuhusu.

Rekodi ya kila msimu

Baada ya kazi zote kukamilika na plagi zote nane kuthibitika kuwa hai, chukua mita ya kubana ya mkondo wa moja kwa moja, izungushie waya mnene unaoleta umeme kwenye relei, washa plagi, na uandike ampea unazoziona sekunde ya tano. Andika pia joto la hewa la siku hiyo na volti za betri ya 12. Namba hiyo ni ya gari lako, kwa plagi zako, na ndiyo kipimo chako cha siku zijazo. Kabla baridi haijaingia kila mwaka, rudia kipimo hicho kwa sekunde zilezile. Ukigawanya namba ya kwanza kwa nane unapata mgao wa plagi moja, na pungufu linalokaribia mgao huo linamaanisha kwamba kuna moja iliyokufa. Utaijua ni ipi kwa kuhamishia mita kwenye tawi la kila upande, kisha kwa taa ya majaribio kwenye plagi nne tu badala ya zote nane.